‘Kitendawili’ cha mauaji ya Lord Erroll si kitendawili

Juma lililopita kijana mmoja wa hapa Kinondo alinibishia hodi baada ya sala ya alasiri, bahasha ya kaki mkononi. “Shikamoo mwalimu. Nimekuletea kazi. Nisahihishie Kiswahili tu; kisa chenyewe nimeshakimaliza.”

Kijana huyu huwatembeza wageni, leo ufuoni Diani, kesho msituni Kaya Kinondo. Mgeni mmoja aliporudi kwao alimwachia kitabu cha James Fox, White Mischief, kuhusu mauaji ya Lord Erroll. Kijana alikisoma kwa siku tatu, akatafuta vingine vya kisa hicho hicho, kisha akaandika insha ya kurasa kumi na nane kwa Kiswahili. Kichwa chake: “Kitendawili cha Karen Chateguliwa”.

Niliisoma usiku kucha. Nakiri kwamba anajua kusimulia, na hata kitenzi amekipatia: kitendawili huteguliwa. Lakini nilipofika ukurasa wa mwisho niligundua kwamba siwezi kusahihisha Kiswahili na kukiacha kisa kama kilivyo. Makosa ya insha ile hayakuwa ya ngeli wala tahajia. Yalikuwa katika maneno tunayoyatumia kutaja tunachokijua, tunachokikisia na tulichokisikia tu. Na kosa hilo si lake peke yake. Wanalo waandishi mashuhuri aliowasoma, tunalo sisi magazetini, na huku Kwale tunalo barazani.

Kwanza kisa, kwa ufupi. Usiku wa kuamkia Januari 24, 1941, watu wawili Waafrika waliokuwa katika gari la maziwa waliiona Buick imetoka barabarani karibu na Karen, taa zake zinawaka. Ndani mlikuwa na maiti. Alikuwa Josslyn Hay, Erroll wa 22, mwenye umri wa miaka 39, amepigwa risasi kichwani. Alijulikana kwa siasa na kwa wanawake. Wakati huo alikuwa na uhusiano na Diana, mke kijana wa Sir Jock Delves Broughton, na usiku ule alikuwa amemrudisha Diana nyumbani Karen. Broughton alikamatwa mwezi Machi. Kesi ilianza Mei 26 na kumalizika Julai 1, 1941. Wakili wake, Harry Morris kutoka Johannesburg, aliishikilia hoja moja. Bastola za Colt alizokuwa nazo Broughton zilikuwa na mifereji sita ndani ya mtutu, inayopinda kushoto. Risasi zilizoua zilibeba alama za mifereji mitano inayopinda kulia. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likamwona hana hatia. Desemba 1942 Broughton alijiua kwa dawa hotelini Liverpool. Hakuna mwingine aliyewahi kushtakiwa.

Hapo ndipo wapelelezi wa hiari walipoingia. Fox na mwenzake Cyril Connolly walianza kukichimba kisa hiki mwaka 1969 kwa ajili ya gazeti la Uingereza, na mwaka 1982 Fox akatoa kitabu chake kinachomwelekea Broughton. Mwaka 2000 Errol Trzebinski akaja na maelezo kwamba waliomuua ni majasusi wa Uingereza wenyewe. Mwaka 2010 Paul Spicer akamtaja Alice de Janzé, mpenzi wa zamani wa Erroll ambaye mwaka 1927 alimpiga risasi mwanamume mwingine katika stesheni ya treni Paris. Wako pia waliomshuku Diana mwenyewe. Kijana wetu amewasoma na kuwapima, kisha akaandika: “Kitendawili kimeteguliwa. Broughton ndiye muuaji.”

Tuanze na neno kitendawili. Magazeti yetu hulipenda sana: kitendawili cha mauaji ya fulani, kitendawili cha fedha zilizopotea. Lakini kumbuka mchezo wenyewe ulivyo. Mmoja husema “Kitendawili!”, wengine hujibu “Tega!”, naye hutega: “Nyumba yangu haina mlango.” Aliyetega tayari anajua kwamba ni yai. Mkishindwa atadai mji, mtampa Mombasa au Tanga, atautembelea kwa maneno, kisha atawapa jibu. Kwa hiyo kitendawili kina masharti matatu: yuko mtegaji, jibu analo, na jibu ni moja.

Mauaji ya Karen hayana hata sharti moja kati ya hayo. Hakuna aliyekaa mahali akiwa na jibu mfukoni. Wanaoweza kuwa walilijua wamekufa, na walilojua huenda halikuwa zima. Aliyeshika bastola huenda hakujua nani mwingine alijua. Aliyejua huenda hakuona. Ukikiita kisa hiki kitendawili, umeshamwahidi msomaji kwamba jibu lipo, ni moja, na mwerevu atalipata. Baada ya ahadi hiyo mwandishi hawezi kumaliza kitabu akasema “sikupata”. Ni lazima apewe mji. Na mji anaopewa ni jina la mtu aliyekufa, asiyeweza kujibu.

Ndiyo maana kila mmoja wa waandishi hao huandika vizuri zaidi katikati ya kitabu kuliko mwishoni. Fox, kwa maoni yangu, ndiye bora kati yao, kwa sababu anakuonyesha msako wenyewe: nani alimkataa mlangoni, nani alisahau, nani alisema hivi mwaka huu na vile mwaka ule. Msomaji anayaona mashono ya nguo. Lakini hata yeye, mwisho wa safari unamvuta kwenye jibu, na jibu hilo linabebwa kwa sehemu kubwa na kauli ya mtu mmoja, Juanita Carberry. Mama huyo, ambaye mwaka 1941 alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, alieleza kwamba Broughton alimwambia yeye ndiye aliyeua. Mwaka 1999 aliyarudia katika kitabu chake mwenyewe.

Kijana wetu ameliandika hilo hivi: “Broughton alikiri mbele ya Juanita.” Kisarufi sentensi haina dosari. Lakini kitenzi kukiri hakibebi maneno tu, hubeba na ukweli wake. Ukisema “Juma alikiri kuiba”, msikilizaji haulizi tena kama Juma aliiba. Ukisema “Juma alisema aliiba”, bado mlango uko wazi: huenda alikuwa analewa, anajigamba, anamkinga mwanawe, au amechoka na dunia. Tulicho nacho hapa ni hiki: Fox anasema kwamba Juanita alisema kwamba Broughton alisema kwamba aliua. Hizo ni “kwamba” tatu. Siyasemi haya kumwita mama huyo mwongo. Huenda alisikia hasa alichosema alisikia. Ninasema kwamba “alikiri” imezimeza “kwamba” zote tatu, na msomaji hakuambiwa.

Sasa tuliangalie neno ndiye. Kuna tofauti kati ya “Broughton alimuua Erroll” na “Broughton ndiye aliyemuua Erroll”. Ya kwanza inatoa habari. Ya pili inachagua: inadai kwamba orodha ya wanaoweza kuwa wameua tunayo, tumeipitia, na tumebaki na huyu. Neno hilo hufunga orodha. Lakini orodha ya kisa hiki ilifungwa na nani? Vitabu vinazunguka mezani kwa watu wale wale: mume, mke, mpenzi wa zamani, marafiki wa klabu ya Muthaiga. Wapishi, wafanyakazi wa nyumba, walinzi na madereva waliozunguka nyumba zile usiku na mchana huonekana pembeni mwa kurasa, wakibeba trei. Sisemi mmoja wao aliua. Ninasema wengi wao watakuwa waliona na kusikia mengi, kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, na orodha ya mashahidi ilifungwa kabla ya kuwafikia. Hata wale wawili wa gari la maziwa, mashahidi wa kwanza kabisa, wapenzi wa kisa hiki huwapitia kwa sentensi moja kisha hurudi mezani kwa mabwana.

Nilikuwa nimelikusudia kosa hilo la ndiye kwa kijana, lakini nikagundua kwamba linamfaa kila mmoja wao. Trzebinski anamwondoa Broughton ili aweke majasusi. Nguvu ya hoja yake ni kwamba Erroll alikuwa na siasa zake: mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza, na mwaka 1941 ulikuwa mwaka wa vita. Lakini hoja za ujasusi zina tabia moja mbaya: ushahidi ukiwepo ni ushahidi, na usipokuwepo ni ushahidi kwamba umefichwa. Hoja isiyoweza kushindwa haijashinda. Spicer naye, ambaye mama yake alikuwa rafiki wa Alice, anatuchorea mwanamke aliyeumia na mwenye historia ya bastola. Picha ni nzuri. Ila kwamba mtu alipiga risasi Paris mwaka 1927 kunatuambia kwamba aliweza. Hakutuambii kwamba alifanya.

Huenda msomaji atauliza: je, Kiswahili kina njia ya kusema haya bila kuzungukazunguka? Kinayo, tena tajiri, na watoto wetu huitumia kila siku bila kufundishwa. Tazama ngazi hii. “Alimuua”: ninalijua hilo na ninalibeba. “Atakuwa alimuua”: sikuona, lakini dalili zinanipeleka huko, ni ile “atakuwa” tunayoitumia tukigonga mlango usijibiwe, tukasema “atakuwa amelala”. “Huenda alimuua”: linawezekana, na kinyume chake kinawezekana. “Inasemekana alimuua”: nimelisikia, sisemi langu. “Eti alimuua”: nimelisikia, na sina imani nalo. Halafu ipo “kumbe alimuua!”: nimegundua sasa hivi, na ninashangaa. Waandishi wa visa kama hivi wote wanataka kufika kwenye “kumbe”, kwa sababu “kumbe” huuza kitabu. Dalili zao, tukizipima kwa haki, huishia kwenye “atakuwa”, na mara nyingi kwenye “huenda”.

Jambo hili si la Karen peke yake. Kisa mama cha wapelelezi wa hiari duniani ni cha enzi ya Malkia Victoria: wanawake watano waliouawa Whitechapel, London, kati ya Agosti 31 na Novemba 9, 1888. Muuaji hakupatikana. Jina analojulikana nalo, Jack the Ripper, lilitoka katika barua iliyofikishwa kwa shirika la habari mwezi Septemba mwaka huo, na polisi wenyewe walikuja kuamini kwamba iliandikwa na mwanahabari. Tangu hapo wametajwa mjukuu wa malkia, daktari, mfanyabiashara wa pamba, na mchoraji Walter Sickert, ambaye mwandishi Patricia Cornwell alimtuhumu katika kitabu cha 2002.

Katika rundo hilo iko kazi moja ambayo wapenzi wa isimu tunapaswa kuijua. Mwaka 2018 mwanaisimu Andrea Nini alizichunguza barua zaidi ya 200 zinazohusishwa na jina hilo, akilinganisha mafungu ya maneno yanayojirudia. Alihitimisha kwamba barua mbili mashuhuri za mwanzo yaelekea ziliandikwa na mkono mmoja. Akaishia hapo. Hakusema mkono huo uliua. Alikuwa na swali dogo, akalipa jibu dogo, na jibu hilo bado limesimama ilhali majina makubwa yanaangushana kila mwaka. Mwaka uliofuata Hallie Rubenhold akatoa kitabu kuhusu wanawake watano wenyewe, maisha yao kabla ya kisu, bila kumtafuta muuaji. Hao wawili wameongeza ujuzi wetu kwa sababu hawakudai mji.

Kwa hiyo nina pendekezo kuhusu istilahi. Tunasema “nadharia za mauaji ya Erroll”. Nadharia na dhana yote mawili yametufikia kutoka Kiarabu, na kwa Kiswahili yote yana dh, lakini asili zao ni mbili. Nadharia imetokana na kutazama. Ni jambo lililoangaliwa likapangwa, ambalo mwingine anaweza kuliangalia tena na kuliangusha. Dhana imetokana na kudhani. Mpwani akikwambia “usimdhanie mwenzio vibaya”, hakukatazi kufikiri. Anakukataza kutoa hukumu kwa kudhani. Mengi tunayoyapa hadhi ya nadharia ni dhana zilizovaa kanzu ya Ijumaa. Tuyaite dhana, au makisio, na mwenye nadharia aoneshe alichotazama.

Kijana aliporudi kuchukua bahasha nilimweleza haya. Akasikiliza kwa adabu, halafu akasema: “Lakini mwalimu, hawa wote wamekufa. Broughton hana cha kupoteza. Tunamdhuru nani?”

Ni swali la haki, na sikulijibu kwa Karen. Nililijibu kwa hapa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kisicho mbali na Kinondo, mtoto alifariki ghafla. Alizikwa siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyejua ugonjwa. Siku za kwanza watu walisema, “Huenda alikula kitu.” Katikati ya juma nilikaa barazani baada ya magharibi, na mtu akasema, “Inasemekana mzee fulani alionekana karibu na kisima.” Sikusema lolote. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu, “Mzee fulani alionekana karibu na kisima.” Ile “inasemekana” niliiacha njiani. Sikukusudia, ilidondoka tu, kama zinavyodondoka. Mke wangu naye ana dada zake. Kufikia Ijumaa neno lililokuwa midomoni lilikuwa jingine: “Mzee ndiye.” Usiku wa Jumapili nyumba yake ilichomwa. Mungu alimnusuru kwa sababu alikuwa amekwenda kwa binti yake Msambweni. Hakurudi. Shamba lake limegawanywa, na minazi yake inaangushwa na watu wengine.

Msomaji wa Kwale na Kilifi hahitaji kuambiwa kwamba mzee huyo alikuwa na bahati. Wazee wengi wa pwani yetu wamevamiwa na kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Hueleza mambo mengi wanaolichunguza jambo hili: mashamba, urithi, umaskini, hofu. Yote ni kweli. Mimi naongeza la taaluma yangu: kabla ya panga kunolewa, sentensi hubadilika. “Huenda” huwa “inasemekana”, “inasemekana” huanguka, na “ndiye” hukaa mahali pake. Mauti ya mtoto yanageuzwa kitendawili, kijiji kinasubiri jibu moja, na mji unaotolewa ni uhai wa mtu. Anayezoea kuandika “Broughton ndiye” kwa sababu Broughton hana cha kupoteza, ulimi wake unajifunza njia. Siku nyingine atapita njia hiyo hiyo na jirani.

Kijana alinyamaza muda. Kisha akanibana, kama inavyompasa msomi: “Sasa mwalimu, tusikisie kabisa? Bila kukisia, nani ataanza kutafiti?”

Akisie. Nami nikiulizwa, nitasema Broughton atakuwa alihusika: alikuwa na sababu, na siku chache kabla ya mauaji alikuwa amepiga ripoti kwamba bastola zake mbili zimeibwa, habari iliyomfaa mno. Lakini mifereji mitano ya kulia inanizuia kupanda ngazi inayofuata, na sioni haya kukaa kwenye “atakuwa”. Hapo pana kazi tele. Angeweza kuandika kurasa kumi na nane juu ya swali dogo: kwa mfano, ni mangapi kati ya maneno ya mashahidi Waafrika yalitamkwa mahakamani kwa Kiswahili, nani aliyatafsiri, na nini kilipotea. Kumbukumbu za kesi si mali ya Wazungu pekee, na kijana anayejua Kiswahili cha pwani na Kiingereza cha watalii ana vifaa ambavyo Fox hakuwa navyo.

Nikamrudishia bahasha. Katika kichwa cha insha nilikuwa nimekata maneno mawili kwa kalamu nyekundu, “Kitendawili” na “Chateguliwa”, nikaacha “cha Karen” ikining’inia peke yake. Akaitazama, akacheka. Akafungua ukurasa wa mwisho, akachomoa kalamu sikioni na kuniuliza, “Basi hapa niandike ‘Broughton atakuwa ndiye’?”

Nilimwambia aende akalale nalo. Alhamisi ataniletea rasimu ya pili.